Ndoo ya Dawa Haiazimwi

Kabla ya yote naomba mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na najua nimekosea maneno mahali pengi, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza nimeuanza asubuhi, na sasa jua limepanda, bibi anapita na ungo wake ananiuliza kama naandika Biblia. Mkishindwa kusoma neno, lirukeni tu, mbele mtanielewa.

Kwa mwandiko naomba radhi. Kwa ndoo siombi. Wapo watu hapa kwetu wanaongoja niombe radhi kwa ajili ya ndoo, na wataendelea kungoja.

Mimi si mtu wa maneno. Shuleni mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, nilikuwa naangalia vidole vya miguu mpaka ajibu mwingine. Hata leo nikitumwa dukani nikakuta wanaume wamejaa barazani, napita nyuma ya nyumba na kugonga dirisha la uani. Mwenye duka amezoea. Ananiuliza, "Leo tena umekuja kama mwizi?" ananipa chumvi, naondoka. Nayaeleza haya ili mjue kwamba mambo niliyoyafanya baadaye hayakutoka kwa mtu mwenye mdomo. Yalitoka kwa mtu aliyesukumwa.

Tunakaa Munisagara, upande wa juu wa reli, mimi na bibi mzaa mama na mtoto wa dada yangu. Mtoto ana miaka mitatu. Mjomba na mkewe wana nyumba yao uani humohumo. Dada yupo Mikumi, anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na mtoto ameniachia mimi. Siku aliyomleta hakukaa hata kunywa chai, basi lilikuwa linamngoja. Alisema, "Mdogo wangu, sina mengi. Nikirudi nimkute mzima." Akaondoka anafuta macho kwa mtandio. Neno hilo la "mzima" lilinikaa kichwani kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia.

Lilinikaa kwa sababu nami nilikuwa nimetoka Mikumi, na nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyongoja kuumia bila kitu mkononi. Nilifanya kazi pale ya kuosha vyombo kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na malori yanapolala. Siku moja utingo wa lori alikuwa anakaza kamba ya turubai, bati likamchana kiganja. Damu ilikuwa nyingi. Dereva akakimbilia ndani ya gari, akatoka na sanduku jekundu lenye msalaba mweupe, zuri kabisa. Mimi nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe wenzetu wamejiandaa. Akalifungua juu ya meza yetu. Ndani mlikuwa na mswaki, karata, na kopo la pilipili.

"Bandeji iko wapi?" yule mama akauliza.

"Mama, hili ni la trafiki," dereva akasema. "Akisimamisha gari anataka kuona sanduku. Hafungui."

"Basi mpeleke kijana kwa trafiki akamfunge."

Watu wakacheka, hata utingo mwenyewe alicheka huku ameshika mkono. Wakamwekea majani ya chai kwenye jeraha, wakamfunga kwa kitambaa kilekile cha kufutia oili, lori likaondoka. Baadaye alipita tena akiwa amekatwa kidole kimoja. Aliagiza wali maharage kama kawaida yake na kula kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa naosha sahani na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilivunja moja. Sikuwa na hasira na dereva peke yake. Nilikuwa na hasira na sanduku lile, jinsi lilivyopakwa rangi nzuri na kufungwa vizuri kwa ajili ya kutazamwa tu.

Kwa hiyo nilipoachiwa mtoto, nilianza kukusanya vitu. Nilipompeleka kliniki kupimwa uzito, nilimngoja muuguzi mpaka foleni ikaisha. Nilisimama mlangoni nikikunja kadi, na yeye ndiye aliyeanza. "Una tatizo gani, binti?" Nikamwambia sina tatizo, nataka kujua mtu aweke nini nyumbani kabla tatizo halijaja. Akavuta kiti. Alinieleza taratibu, na nilipokuwa sielewi nilimuuliza, na sikuona aibu. Mpaka leo sijui kwa nini kwake sikuona aibu.

Chombo nilichopata ni ndoo ya rangi, ile kubwa yenye mfuniko wa kubana, aliyoiacha fundi aliyepaka rangi kanisa letu. Niliisugua kwa mchanga mpaka harufu ikaisha. Watu waliniuliza kwa nini nisitumie boksi. Boksi panya analila. Na huku kwetu mvua zikizidi mto unatoka njia yake na maji yanaingia ndani bila hodi. Mwaka mmoja tuliamka tukakuta viatu vyetu vinaelea, na karatasi zote za bibi zikawa uji. Ndoo yenye mfuniko inaelea. Unaishika mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, unapanda juu relini.

Ndani niliweka bandeji pana na nyembamba, plasta, na vitambaa vya pamba ambavyo nilivikata kutoka kwenye shuka la zamani, nikavichemsha, nikavianika, nikavipiga pasi pande zote mbili na kuvifunga kwenye mfuko safi wa plastiki. Niliweka kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa, mkasi, pini, glovu, spiriti, kipimajoto, vidonge vya maumivu vya wakubwa na dawa ya maji ya mtoto, na pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha. Dawa ya kutibu maji ya kunywa. Tochi, na betri zake zikiwa pembeni, maana betri zikikaa ndani ya tochi zinavuja na kuiharibu. Filimbi. Kibiriti ndani ya mfuko wake. Kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya bibi ya hospitali. Juu ya mfuniko niliandika kwa kalamu nene namba za simu za vijana wawili wa bodaboda, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa hawezi kutafuta namba kwenye simu. Kisha nikapigilia msumari mkubwa kwenye boriti na kuitundika juu, mtoto asiifikie.

Nilifikiri kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Wa kwanza alikuwa bibi. Aliitazama ndoo ikining'inia, akauliza imebeba nini, nikamwambia. Alimalizia kuchambua mchicha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mtu anayetandika kitanda anamngoja mgeni. Wewe unamtandikia nani?"

"Simngoji mtu, bibi."

"Bandeji unaziweka za nini, kama humngoji wa kuzivaa? Huo ni uchuro."

Mjomba alipolisikia neno uchuro akalichukua na kulitembeza. Yeye akiingia kwetu, hata kabla sijamaliza kusema shikamoo, anaelekeza kidole juu. "Marahaba. Hilo jeneza lako bado halijapata mtu?" Kisha anacheka. Siku kuku wake alipokufa alisema ni ndoo. Mvua ilipochelewa alisema ni ndoo. Nilikuwa nanyamaza. Lakini sikuitoa. Mtu anaweza kunyamaza na bado akakataa, na mimi huko ndiko nilikoanzia.

Ajabu ni kwamba watu haohao walioiogopa hawakuogopa kuchukua vitu vyake. Kwetu mtu akija kuazima humnyimi. Chumvi, jembe, moto wa kuwashia, hata sketi ya kwendea msibani, unatoa. Ukinyima, jina lako linazunguka mpaka kisimani. Basi mke wa mjomba, ambaye ni mrefu na anaifikia ndoo bila kupanda kigoda, alichukua glovu akapakia rangi ya nywele. Zilirudi nyeusi. Jirani mmoja alichukua spiriti akawashia mkaa wenye unyevu. Kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu aliazima tochi kwenda kukamata kumbikumbi, na ikarudi bila betri. Bandeji nzima pana niliikuta shambani, mjomba amefungia miche ya nyanya kwenye vijiti.

Siku niliyoona nyanya zimefungwa bandeji yangu nilisimama pale shambani nikihesabu mafundo. Nilikuwa nimeinunua kwa vibarua vya kupalilia mahindi ya watu. Nikafungua fundo moja moja. Mjomba akanikuta.

"Unafanya nini? Nyanya zitaanguka!"

"Zianguke, mjomba."

"Unasemaje?"

"Nimesema zianguke. Hii si kamba."

Alinitazama kama aliyeona jiwe likipiga chafya. Mimi mwenyewe nilishangaa. Nilikunja bandeji ile chafu nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikaihamishia ndoo kwenye boriti iliyo juu ya kitanda changu, na jioni hiyohiyo, mbele ya bibi, mke wa mjomba alipokuja kuomba pini, nikamwambia ndoo haiazimwi tena. Chumvi ipo, unga upo, jembe lipo. Ndoo hapana.

"Hata pini?"

"Hata pini, anti."

"Makubwa!" akasema, akaenda kusimulia kisimani. Kuanzia hapo nikaitwa Dokta Ndoo. Watoto wakinipita wananiita hivyo na kukimbia. Nilinunua upya vitu vilivyopotea, kimoja kimoja, na sikumpa mtu.

Kisha ikaja kipaimara ya binti mkubwa wa mjomba. Uani palifungwa turubai, mafiga yakawekwa nyuma, na wanawake wa jumuiya wakaja tangu alfajiri na sufuria zao. Maji yalitutesa kuyatafuta. Bomba lilikuwa halitoi, kwa hiyo jana yake tulibeba ndoo kichwani kutoka mbali mpaka pipa la wageni likajaa, na mke wa mjomba akaweka mfuniko na kusema, "Maji haya asiyaguse mtu mpaka askofu amekunywa." Askofu hakuwa anakuja kwetu, angeishia kanisani tu, lakini anti tulimwelewa.

Asubuhi hiyo alikuja kuniomba mkasi wa kukatia riboni za kupambia turubai.

"Hapana, anti. Kuna kisu."

"Leo? Leo siku ya mtoto wangu?"

"Hata leo."

Alitoka nje akapaza sauti wote wasikie. "Jamani, mwenzenu ana hospitali yake humu ndani! Mkasi wake haukati riboni, unakata watu tu!" Walicheka mpaka mmoja akaangusha kijiko. Nilibaki ndani nikiwa nimeshika ukuta. Nilitamani kumpa mkasi ili kicheko kiishe. Sikumpa.

Watu waliporudi kutoka kanisani, chai ilikuwa tayari kwenye sufuria kubwa, imetolewa motoni na kuwekwa chini, na wanawake wakaenda kubeba maandazi. Mfuniko uliwekwa nusu. Mtoto wangu, nasema wangu, alikuwa anakimbizana na wenzake. Nilikuwa hatua chache tu, nimeinama napanga vikombe. Nilimwona anateleza kwenye maganda ya viazi. Mkono wa kulia uliingia kwenye chai mpaka kwenye kiwiko.

Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika.

Nilimnyanyua, na kwa wakati huohuo uani pote palikuwa pamesimama na kila mtu ana dawa. "Leteni yai! Ute wa yai!" "Dawa ya meno, mpakeni dawa ya meno!" "Asali na manyoya ya sungura, kwa yule mzee anayefuga sungura pale, kimbieni!" Mmoja alishakuwa na unga wa ngano mkononi. Hawakuwa watu wabaya. Wote walikuwa wanampenda mtoto, na kila mmoja alikuwa anataka kumtendea kama alivyotendewa yeye na mama yake.

Nilimbeba mpaka kwenye pipa la wageni, nikalipiga mfuniko teke ukaanguka, nikachota jagi na kummiminia mkononi. Nikachota tena.

"Maji ya wageni hayo!" mke wa mjomba akapiga kelele. "Unamwaga chini!"

"Ndiyo," nikasema.

"Moto haumwagiwi maji, mtoto atababuka!" mwanamke mwingine akasema, akaja na yai lililopasuliwa kwenye bakuli, akataka kushika mkono wa mtoto. Nikamgeuzia mgongo. Akazunguka. Nikageuka tena. Tulizunguka hivyo kama kuku wawili, mimi na jagi, yeye na bakuli, mtoto analia katikati.

Wakati huo niliona uzi. Bibi alikuwa amemfunga mtoto uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, tangu alipoletwa, kumkinga na macho ya watu. Bibi anakwenda kanisani kila Jumapili na anafunga uzi, na kwake hayo mawili hayagombani. Uzi ulikuwa umebana kidogo tangu mtoto anenepe, na sasa mkono ulikuwa unaanza kuvimba. Muuguzi alikuwa ameniambia: mahali palipoungua, kitu chochote kinachozunguka kiungo kitolewe mapema, pete, bangili, saa, kabla uvimbe haujakikamata. Ukichelewa, kitabana mpaka damu ishindwe kupita.

Nilimwita binti wa kipaimara, akiwa na gauni lake jeupe, nikamwambia, "Kanishushie ndoo." Alikimbia, akaileta. Nikatoa mkasi.

Watu wakageuka kunitazama. Hata mwenye yai alisimama. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee wenzake, akaniona nimeshika mkasi na mkono wa mtoto.

"Usikate huo," bibi akasema.

Mimi sijawahi kumbishia bibi. Ndiye aliyenilea. Nikamwambia, "Bibi, mkono unavimba. Nikiuacha, uzi utakula mkono."

"Nimesema usikate."

"Nakata, bibi. Utanipiga baadaye."

Nikapitisha ncha butu ya mkasi chini ya uzi, nikakata. Ukaanguka kwenye tope la chai. Mtu mmoja alisema "Yesu wangu." Mimi nikarudi kuchota maji.

Muuguzi alisema maji yamiminwe dakika ishirini. Sikuwa na saa, na simu ilikuwa ndani. Aliwahi kuniambia niimbe, kwa sababu mtoto naye atasikiliza. Mimi kwaya nilikimbia, siwezi kuimba watu wakinitazama. Siku hiyo nilianza wimbo wa kanisani mbele ya wageni wote, kwa sauti yangu hii nyembamba, huku namimina. Beti zilipoisha nikaanza mwingine. Katikati ya wimbo wa pili mtoto aliacha kupiga yowe, akabaki na kwikwi akitazama maji yanavyoteremka. Nilipomaliza jagi na kulirudisha kwenye pipa, nilikuta mkono mwingine umeshalishika. Alikuwa bibi. Alichota yeye akanipa, na alipochota mara ya pili alikuwa ameanza kuimba sauti ya chini.

Mwanamke wa yai akasogea. "Mama, sasa ametulia, tumpake kidogo..."

Bibi akachukua bakuli kutoka mikononi mwake. "Hili tutalikaanga," akasema, akaliweka nyuma yake.

Maji yakaisha karibu nusu ya pipa. Nilimfunika mtoto kwa khanga mwilini asipate baridi, nikatoa kile kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi, nikakiweka juu ya mkono bila kubana. Sikutumbua lengelenge hata moja. Sikuweka pamba ya nyuzi, hiyo inanasa kwenye kidonda. Mjomba alikuwa amesimama hajui ashike nini. Nikamwambia, "Mjomba, soma namba kwenye mfuniko, mpigie bodaboda." Akasoma, akapiga. Alikosea namba mara ya kwanza. Namba ya pili ikapokelewa.

Nikiwa nyuma ya pikipiki kuelekea Kilosa, mtoto katikati yetu, nilikuwa na wazo moja tu: mkono huu utafumba? Utashika kijiko, utashika kalamu? Dada alisema nimkute mzima. Sikumwomba Mungu kitu kingine njia nzima.

Hospitali walimfunua kitambaa. Aliyempokea aliinama akanusa.

"Mmempaka nini?"

"Maji," nikasema.

"Na nini tena?"

"Maji tu."

"Yai? Dawa ya meno? Sema ukweli, sikugombezi. Kila nikiwapokea naanza na kukwangua."

"Maji tu, shikamoo," nikasema, maana nilikuwa nimesahau kumwamkia. Akacheka, akasema marahaba, akaanza kazi yake moja kwa moja.

Dada alifika kesho yake kutoka Mikumi, macho yamevimba. Alimkuta mtoto amekaa kitandani, mkono umefungwa. Hakuniuliza ilikuwaje. Alisema, "Afumbe vidole nione." Daktari akasema bado, vipumzike kwanza. Kwa hiyo tukangoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko chai. Bandeji ilipokuwa inabadilishwa tulikuwa tunavitazama vidole vile kama watu wanaosubiri mbegu. Siku alipovikunja, alivikunja kwa hasira, akimnyang'anya dada yangu andazi. Vyote vitano. Dada alimwachia andazi lote.

Ngozi ya mkono ule leo imepauka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, kama ramani. Lakini unafumba na kufumbua, unachimba mchanga, unavuta mkia wa mbuzi wa watu. Ni mkono mzima.

Msidhani kijiji kizima kiliniimbia sifa. Mke wa mjomba anasema mpaka leo kwamba ndoo ndiyo iliyoita ajali, na kwamba wageni walikunywa soda za moto kwa sababu maji ya kuzipoza niliyamaliza mimi. Mwanamke wa yai anasema mtoto angepona haraka zaidi kwa yai. Bibi hakunipiga. Alimfunga mtoto uzi mwingine, safari hii mguuni, akaulegeza mpaka kidole changu kikapita chini yake. Aliniita nije nipitishe kidole mbele yake. Nikapitisha, nikasema sawa, bibi.

Na kuazima hakujaisha. Juzi alikuja mtu kutaka kibiriti cha ndani ya ndoo, wakati dukani vipo. Nilimwambia hapana, na sikutazama vidole vya miguu. Kama mtu anataka kutengeneza ya kwake, nitakwenda mpaka kwake, nitakaa naye, nitamwonyesha jinsi ya kuchemsha vitambaa na kwa nini betri zikae nje. Wawili wameshaniita. Mmoja ni mjomba. Ametafuta ndoo yake, ya bluu, na anataka niseme kwamba yake ni kubwa kuliko yangu. Sijasema.

Wakisema naita ugonjwa, waseme. Ugonjwa unakuja nyumba zote, zenye ndoo na zisizo na ndoo, na haujawahi kumuuliza mtu kama amejiandaa. Mimi nitaendelea kujiandaa. Wakiniita Dokta nitaitika.

Sasa nyinyi mnaosoma, naomba mniandikie. Nataka kujua kwenu mnaweka nini nyumbani, na mnaweka wapi ambapo mtoto hafiki na panya hafiki. Niambieni pia kwenu mtu akiungua anapakwa nini, na aliyekataa alikataaje, alisema maneno gani, mbele ya nani. Kama kuna kitu nimekosea au nimesahau kuweka, mniambie bila kunionea haya. Andikeni hata mistari miwili. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote, na nitajibu.